Klachi ya Pikipiki ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaoniletea pikipiki za zamani hapa Tanga karibu wote hufika na hukumu mdomoni: "Fundi, klachi imekwisha." Huja na Honda CG125, Yamaha DT, Super Cub ya mwalimu mstaafu, na mara mojamoja Triumph au BSA iliyoachwa na babu. Nyingi ya klachi hizo hazijakwisha. Zimekosa plei, au plei imezidi, na dawa yake ni spana mbili na nusu saa ya utulivu. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa zaidi, na nimeyajibu kama ninavyoyajibu pikipiki ikiwa imesimama mbele yetu.

Plei ni nini, na kwa nini kila fundi anaitaja?

Vuta mkono wa klachi polepole kwa kidole kimoja. Mwanzoni unakuja mwepesi, hakuna kinachoupinga. Halafu ghafla unakuwa mzito: hapo umekutana na springi za klachi. Ule mwendo mwepesi wa mwanzo ndio plei.

Kwa Honda CG125 na pikipiki nyingi ndogo za Kijapani, plei hupimwa kwenye ncha ya mkono, nayo inatakiwa iwe milimita 10 hadi 20. Upana wa kidole cha shahada unakaribia hapo, lakini weka rula angalau mara ya kwanza. Pikipiki za Kiingereza hupimwa kwenye waya wenyewe, pale unapoingia kwenye mkono, na hapo milimita 2 au 3 zinatosha.

Plei inahakikisha kwamba ukiachia mkono, springi zinabana pleti kwa nguvu zake zote. Ikiisha, ni kama umeweka kidole kwenye klachi safari nzima. Pleti zinateleza, zinachemka, zinaungua.

Pleti zikiisha, waya hulegea au hukaza?

Hukaza. Hili ndilo jambo linalowapoteza wengi, hata mafundi, kwa hiyo tulieni nalo kidogo.

Ndani ya klachi kuna pleti zenye utando wa msuguano na pleti za chuma tupu, zimepangwa kwa kupishana kama chapati zilizotenganishwa na karatasi. Springi zinazibana pamoja. Utando ukilika, mrundo mzima unakuwa mwembamba, na presha pleti, ile pleti ya mwisho inayoubana mrundo, inasogea kufuata wembamba huo. Ikisogea, inaelekea kwenye rodi au kitufe kinachoisukuma klachi ifunguke. Ile nafasi iliyokuwa katikati yao inapungua, mpaka wanagusana.

Waya nao unafanya kinyume. Kadiri unavyotumika unavutika, na gamba lake linajibana, kwa hiyo plei inaongezeka.

Kwa hiyo pikipiki moja inaweza kuwa na waya uliovutika na pleti zilizolika, na kwa miezi kadhaa vitu viwili hivyo vikafichana. Siku ukibadilisha waya peke yake, klachi inaanza kuteleza, na unaulaumu waya mpya. Waya hauna kosa.

Nianzie wapi kurekebisha?

Kwenye injini, kisha chini ya waya, na kwenye usukani mwisho. Watu wengi huanza kwenye usukani kwa sababu ndipo mkono unapofika bila kuinama. Ile skrubu ya usukani ni ya marekebisho madogo ya njiani tu. Ukishaifungua karibu imalizike, imebaki nyuzi mbili tatu, inaweza kuvunjika ukiwa mlimani.

Pikipiki iwe baridi. Irudishe skrubu ya usukani ndani karibu yote ili waya ulegee kabisa. Kama injini yako ina skrubu ya ndani, irekebishe hiyo kwanza, waya ukiwa bado umelegea. Halafu nenda kwenye nati mbili za chini ya waya, upate plei karibu na unayoitaka. Mwisho kabisa malizia kwenye usukani. Kila nati ya kufungia ikazwe huku skrubu umeishika isizunguke nayo, kisha pima plei tena, kwa sababu kukaza nati huisogeza.

CG125 yangu ina skrubu ya ndani?

Haina. Marekebisho yote yapo kwenye waya, na hiyo ni sehemu ya uzuri wake. Honda ilipoitoa CG125 mwaka 1976 iliwafikiria watu wa nchi kama zetu, ambako oili hucheleweshwa na fundi yuko mbali. Ndiyo maana hata valvu zake zinasukumwa kwa vijiti badala ya kuwa na kamshafti juu.

Legeza nati za chini, sogeza gamba la waya mpaka upate milimita 10 hadi 20 kwenye mkono, kaza. Basi.

Mwaka jana mzee mmoja aliniletea CG ambayo ilishabadilishiwa pleti mara mbili ndani ya miezi minne, kwenye gereji fulani. Alikuja na pleti za tatu kwenye mfuko wa rambo. Nilivuta mkono wa klachi: mzito tangu milimita ya kwanza, hakuna plei hata kidogo. Nilizungusha nati ya chini mizunguko mitatu, plei ikarudi, akapanda kilima bila injini kupiga kelele za bure. Pleti za tatu alirudi nazo nyumbani, na yeye alikuwa na huzuni zaidi kuliko furaha, kwa sababu alikuwa anahesabu pesa alizotoa. Mimi pia iliniuma. Kuzungusha nati kungemwokoa tangu siku ya kwanza.

Na zile zenye skrubu ya ndani?

Hapo kila ukoo una desturi yake, ingawa kanuni ni ileile: tafuta mahali vitu vinapogusana, kisha rudi nyuma kidogo.

Yamaha DT na ndugu zake wengi wa zamani: legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu ndani taratibu kwa vidole na bisibisi mpaka iguse kwa wepesi, kisha irudishe robo ya mzunguko. Shikilia bisibisi, kaza nati.

Triumph za 650, kama Bonneville iliyoanza kuuzwa 1959: skrubu iko katikati ya presha pleti, upande wa kushoto, ndani ya kifuniko cha mnyororo wa injini. Izungushe ndani mpaka uone presha pleti inaanza kuinuka, kisha irudishe nyuma nusu hadi mzunguko mmoja. Ndipo uende kwenye waya.

Ukikosea kiasi hiki cha kurudi nyuma, waya hautaweza kukusaidia. Mkono mdogo wa kwenye giaboksi utakuwa umeanza safari yake mahali pabaya. Unatakiwa uwe karibu pembe mraba na waya pale klachi inapofunguka. Ukiwa umelala, unavuta sana lakini rodi inasogea kidogo, na klachi haiachii.

Super Cub haina mkono wa klachi. Inarekebishwaje?

Ina klachi inayojishika yenyewe injini ikiongeza kasi, na unapokanyaga gia, kanyagio hilohilo ndilo linaloifungua klachi. Ndiyo maana mwalimu wetu anaweza kuendesha huku mkono wa kushoto umeshika daftari.

Upande wa kulia wa injini, kwenye kifuniko, utaona nati yenye skrubu katikati yake. Zima injini. Legeza nati. Zungusha skrubu kulia kama mzunguko mmoja, usizidishe. Sasa irudishe kushoto polepole mpaka uhisi upinzani mdogo, vidole viambiwe na bisibisi. Kutoka hapo irudishe tena kulia thumuni ya mzunguko, yaani nusu ya robo, na ukaze nati huku skrubu imetulia.

Ukimaliza, washa. Ikisimama kwenye gia ya kwanza bila wewe kuongeza mafuta, isitambae. Ukianza kukanyaga gia, injini iachiliwe kabla gia haijaingia. Kama inatambaa, angalia kwanza silensa, yaani kasi ya injini ikiwa haijaongezwa mafuta, isiwe juu mno kabla hujaigusa klachi tena, maana injini ikizunguka haraka klachi hii inashika hata ukiwa umesimama.

Honda ilianza kuuza Super Cub mwaka 1958, na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba vipuri vyake haviko duniani.

Nitajuaje kama klachi inateleza au haiachii?

Inateleza: uko gia ya tatu au ya nne, unapanda kilima, unaongeza mafuta, injini inalia juu lakini kasi haipandi. Kwa Triumph na BSA kuna dalili ya mapema zaidi. Kiki yao inapitia kwenye klachi, kwa hiyo ukipiga kiki ikashuka laini bila injini kuzunguka vizuri, klachi inateleza.

Haiachii: umebana mkono wote, gia inaingia kwa kishindo, neutro haipatikani ukiwa umesimama, pikipiki inataka kusogea. Zima injini, ingiza gia ya kwanza, bana klachi, sukuma pikipiki. Ikisukumika kwa uzito kidogo tu, sawa. Ikigoma, klachi inashika.

Usilijaribu hili kwa kuzungusha gurudumu la nyuma juu ya stendi huku injini inawaka na kulishika kwa mkono. Nimeona kidole kikiondoka kwa mnyororo. Na hata klachi nzima huzungusha gurudumu hewani kwa sababu ya unene wa oili, kwa hiyo jaribio lenyewe halikuambii kitu.

Asubuhi tu inashika, ikishapata moto inapona. Ni ugonjwa?

Hapana, ni pleti zilizolala na kunatana kwa oili baridi. Kama kiki ya pikipiki yako inapitia kwenye klachi, kabla ya kuwasha, swichi ikiwa imezimwa, bana klachi na upige kiki mara nne tano mpaka uhisi zimeachana. Kwa pikipiki za Kiingereza hiyo ni ada ya kila asubuhi. BSA Bantam za zamani zilikuwa na vipande vya koki kwenye pleti, na koki iliyokaa muda mrefu inanata kuliko utando wa kisasa.

Inapata shida ikishapata moto. Hiyo je?

Hiyo ndiyo ya kuogopa. Chuma kikipata moto kinarefuka, rodi nayo ni chuma. Kama ulirekebisha plei ndogo mno ikiwa baridi, moto unaimaliza yote na klachi inaanza kuteleza safarini. Rudi ongeza plei.

Kama ni kinyume, yaani ikipata moto haiachii na plei imekuwa kubwa ghafla, vua rodi uitazame ncha. Niliwahi kuitoa rodi ya Triumph ambayo ncha yake ilikuwa ya bluu, ile bluu inayogeuka zambarau ukiizungusha juani, na imepanuka kama kichwa cha msumari uliopigwa nyundo. Ncha hizo hutiwa ugumu kiwandani. Mtu akiendesha bila plei, rodi inasuguana muda wote, ugumu unapotea, ncha inabondeka na rodi inafupika. Kila wiki mwenye Triumph hiyo alikuwa anaongeza kukaza waya na kila wiki plei ilikuwa inarudi. Dawa ni rodi mpya.

Oili inahusika?

Sana. Klachi hizi nyingi zinaogelea kwenye oili ya injini, kwa hiyo oili unayoiweka unawawekea wawili. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, ambayo ni alama ya oili ya pikipiki zenye klachi inayoogelea kwenye oili. Baadhi ya oili za magari zenye sifa ya kupunguza matumizi ya mafuta zina dawa za ulaini, na ulaini huo ukifika kwenye pleti unateleza. Ukishaiweka kwa bahati mbaya, imwage uweke sahihi. Mara nyingi klachi hurudi baada ya kubadilisha mara moja au mbili.

Yamaha DT na Suzuki A100 ni tustroki: oili ya kuchanganya na petroli ni kitu kingine, na oili ya giaboksi, ambamo klachi imo, ni kitu kingine. Niliwahi kumwona kijana akimimina oili ya tustroki kwenye giaboksi kwa moyo safi kabisa. Triumph na BSA za injini kubwa nazo zina oili ya upande wa klachi peke yake, usiisahau kwa sababu umebadilisha ya injini.

BMW za zamani za injini ya boksa zina klachi kavu. Hizo oili ikifika kwenye pleti, ni kuvua. Hakuna kurekebisha.

Mkono wa klachi ni mzito sana. Nibadilishe springi?

Acha springi. Chomoa waya upande wa injini, uvute mkono ukiwa mtupu. Ukibaki mzito, tatizo ni waya au egemeo la mkono. Hapa pwani chumvi inakula nyaya kimyakimya ndani ya gamba, nje ukiuona unang'aa.

Waya wa zamani wenye gamba la chuma tupu unataka oili nyepesi: utundike, tengeneza kifuko cha nailoni juu yake, tia oili, uuache ujishushe usiku kucha. Waya mpya wenye utando wa nailoni ndani hautaki oili nzito, unavuta vumbi na kukwama. Fungua boliti ya egemeo la mkono, safisha, paka grisi kidogo. Halafu tazama njia ya waya kuanzia usukani hadi injini. Ukiwa umebanwa nyuma ya taa au umepindishwa kona kali, hata waya mpya utakuwa mzito.

Nyuzi zikianza kuchanika karibu na kichwa cha waya, badilisha leo. Usisubiri ukatike kwenye makutano ya barabara.

Nimerekebisha kila kitu, plei iko sawa, bado inateleza. Sasa nifungue?

Sasa ndiyo. Mwaga oili, vua kifuniko, na legeza boliti za springi kidogokidogo kwa mpangilio wa msalaba. Vishikio vya springi ni vya aluminiamu, ukimaliza boliti moja yote huku nyingine zimekaza, vinavunjika.

Pima pleti za msuguano kwa kalipa, sehemu tatu tatu, ulinganishe na kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo. Macho hayatoshi hapa. Pleti iliyolika nusu milimita inaonekana nzima kabisa, na zikiwa nne au tano kwenye mrundo, hizo nusu zinajumlishwa. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo cha dirisha na upitishe fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Pikipiki nyingi ndogo haziruhusu kupinda kupita milimita 0.2. Zenye madoa ya bluu zimeshaungua.

Springi hupimwa urefu, na hubadilishwa zote pamoja. Kuna anayeongeza washa chini ya springi ili zikaze zaidi. Mkono unakuwa mzito, waya unakatika mapema, na pleti zilizolika zinabaki zilezile.

Usisahau basketi, kile kikombe kinachobeba pleti. Pitisha ukucha kwenye kuta zake pale masikio ya pleti yanapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mikwaruzo kama ngazi, pleti zinakwama hapo, na klachi inashika au inatetemeka ukiondoka. Mikwaruzo midogo sawazisha kwa tupa, ukiondoa kidogo na kwa usawa pande zote. Ikiwa mirefu, tafuta basketi nyingine.

Kabla ya kununua pleti, hesabu ulizozitoa na uende nazo dukani. Bodaboda nyingi za Kichina zina injini ya mtindo wa CG na muuzaji atakuambia zinaingiliana. Nyingine ndiyo, nyingine zimezidi pleti au zimepungua. Mpya zilaze kwenye oili ya injini usiku mzima kabla ya kuzifunga.

Pleti za zamani nilizozitoa, nizipulize vumbi nizitunze?

Usizipulize. Utando wa pleti na breki za miaka ile mara nyingi ulikuwa na asbesto, na vumbi lake likikauka likaingia mapafuni haliondoki. Hatari ni kubwa zaidi kwa klachi kavu. Zilowanishe, zifute kwa kitambaa kibichi, kifunge kwenye mfuko ukitupe. Na usizikwangue kwa msasa, hata kama fundi wa jirani anafanya hivyo.

Presha pleti ya Triumph yangu inayumba ninapobana klachi.

Springi hazijakazwa sawa. Ondoa kifuniko, bana klachi, mwombe mtu apige kiki polepole kwa mkono huku swichi imezimwa, nawe utazame ukingo wa presha pleti. Upande unaoinuka kwanza, kaza nati yake nusu mzunguko, au legeza ya upande unaochelewa. Tazama tena. Ni kazi ya subira, mara nyingine inachukua robo saa, lakini presha pleti ikishazunguka imetulia, neutro inapatikana kwa kidole cha mguu.

Nirekebishe kila baada ya muda gani?

Vuta mkono kila asubuhi kabla ya kupiga kiki, inachukua sekunde mbili. Plei ikibadilika, irekebishe siku hiyohiyo. Ukishafunga pleti mpya au waya mpya, pima tena baada ya siku chache za kwanza, kwa sababu vyote viwili vinatulia mahali pake na plei itakuwa imehama.